MAHAKAMA YA MFANO, LAKINI MFANO WA MAHAKAMA YA NANI?

Kila mwaka, katika vyuo vikuu vya nchini vinavyofundisha sheria, ukumbi wa mihadhara hugeuzwa kuwa mahakama kwa siku moja au mbili. Meza ndefu huwekwa mbele, na nyuma yake huketi wahadhiri, mawakili wa siku nyingi, na mara nyingine jaji wa Mahakama Kuu aliyealikwa kwa heshima. Vijana wawili husimama upande wa mrufani na wawili upande wa mjibu rufani. Wamevaa suti nyeusi na mashati meupe. Mmoja baada ya mwingine huinamisha kichwa, huomba ruhusa, kisha huanza kutetea shauri ambalo halikutokea, la watu ambao hawakuzaliwa. Kila mmoja ana dakika zake. Majaji humkatiza kwa maswali; akibabaika hupoteza alama, akijibu kwa utulivu huzipata. Jioni hutolewa kikombe, hupigwa picha, na watu hutawanyika.

Zoezi hilo huitwa mahakama ya mfano, na kwa nafsi yake ni zoezi jema. Wakili asiyeweza kusimama na kusema ni sawa na seremala asiyejua kushika randa. Kijana aliyesoma sheria kwa miaka minne huku akinakili maelezo ya mhadhiri na kuyarudisha kwenye karatasi ya mtihani hajawa mwanasheria bado. Ujuzi wake hujulikana siku anapobanwa kwa swali asilolitazamia, mbele ya watu, wala hana pa kukimbilia. Kwa hiyo hoja iliyopo haihusu kama mahakama ya mfano iwepo au isiwepo. Hoja ni hii: ni mfano wa mahakama ipi, na inamwandaa kijana akamtumikie nani?

Jibu la swali hilo halifurahishi. Aghalabu mashindano hayo huendeshwa kwa Kiingereza tangu salamu hadi hukumu. Mashauri yanayotungwa huwa ya mataifa mawili ya kubuni yanayogombania bahari, au ya kampuni mbili zinazogombania mkataba. Na karibu daima huwa ni rufani, yaani shauri ambalo ukweli wake umekwisha kubainishwa na kuandikwa kwenye karatasi, pande zote mbili zimeukubali, na kilichobaki ni kubishana juu ya tafsiri ya vifungu. Katika mahakama hiyo hakuna shahidi. Hakuna mama anayelia. Hakuna mzee aliyesahau tarehe. Hakuna mtoto.

Mahakama ya wananchi walio wengi haiko hivyo hata kidogo.

NYUMBA YA LUMUMBA

Inafaa kukumbuka mafunzo ya sheria yalianzia wapi. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, na kilikuwa kitivo cha kwanza na cha pekee cha chuo kikuu kilichokuwa kikizaliwa. Hakikuanzia katika kasri. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyekizindua. Mlimani chuo kilihamia baadaye, mwaka 1964.

Chama cha wakulima na wafanyakazi hakikutoa nyumba yake ili kufuga tabaka jipya la mabwana wenye majoho. Sheria ilitangulizwa kabla ya udaktari na uhandisi kwa sababu nchi iliyokuwa ikijitawala ilikuwa na wanasheria Waafrika wa kuhesabika kwa vidole, na hukumu juu ya ardhi, ndoa na uhuru wa watu wake zilikuwa mikononi mwa wageni. Mwanasheria alitakiwa awe mtumishi wa watu hao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu na wanafunzi wa kitivo hicho waliunda Kamati ya Msaada wa Sheria, wakaanza kuwasikiliza watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Huo ulikuwa mwanzo sahihi. Kinachosikitisha ni kwamba kazi ya namna hiyo imebaki kuwa ya hiari, pembeni, ilhali kikombe na makofi vimewekewa mashindano ya mataifa ya kubuni.

Mahakama nayo ilikuwa na safari yake. Chini ya mkoloni kulikuwa na mahakama za wenyeji na mahakama za wakubwa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliuvunja ukuta huo na kuunda ngazi moja inayoanzia chini: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu. Juu kabisa, tangu mwaka 1979, ikawekwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Lugha ya ngazi ya chini ikawa Kiswahili. Huko ndiko anakokwenda mkulima anayedai mbuzi wake, mjane anayefukuzwa shambani, na fundi aliyedhulumiwa ujira.

Na wengi wa mahakimu wanaopelekwa Mahakama za Mwanzo siku hizi ni wahitimu wa shahada ya sheria wa vyuo hivi hivi. Lakini kijana huyo amejifunza nini kuhusu kiti anachokwenda kukikalia? Amesoma kwa bidii Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, iliyofuata nyayo za sheria ya Kihindi ya mwaka 1872. Sheria hiyo haitumiki katika Mahakama ya Mwanzo. Huko zinatumika kanuni fupi za ushahidi zilizotungwa mwaka 1964, na mwanafunzi anayezigusa huzigusa kwa kupita. Anafika kituoni na mzigo mkubwa wa silaha zisizolingana na vita.

HAKI HUPOTELEA WAPI

Watumishi na walimu wanaijua mahakama kwa njia nyingine: wanaitwa kuwa mashahidi. Afisa Mtendaji wa Kata huitwa aeleze mpaka wa shamba. Mganga huitwa aeleze alichoandika katika fomu ya polisi namba 3. Mwalimu Mkuu huitwa na daftari la shule mkononi.

Lichukuliwe shauri la aina inayojulikana mno: mtoto wa shule amenajisiwa. Sheria inataka umri wa mtoto uthibitishwe, kwa sababu umri ni nguzo ya kosa lenyewe. Unaweza kuthibitishwa na mzazi, na cheti cha kuzaliwa, na mganga, hata na mwalimu anayeshika daftari la uandikishaji. Ni swali moja tu linalotakiwa: "Mtoto huyu alizaliwa lini, nawe umejuaje?" Lakini mwendesha mashtaka kijana asiyezoea kumwongoza shahidi humuuliza Mwalimu Mkuu jina lake, kazi yake na jinsi alivyosikia habari, kisha huketi. Mwalimu anarudi shuleni akiamini amemaliza kazi. Miaka inapita, rufani inafika juu, majaji wanafungua jalada na kukuta umri umetajwa kwenye hati ya mashtaka tu, na hati ya mashtaka si ushahidi. Mtuhumiwa anatoka. Kijiji kinasema mahakama imehongwa. Hapakuwa na hongo. Palikosekana swali moja.

Au achukuliwe mtoto mwenyewe, aliye chini ya miaka 14. Zamani hakimu alitakiwa kumhoji kwanza ili ajue kama anaelewa maana ya kiapo. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli wala si uongo. Hatua hiyo ya dakika chache ikirukwa, ushahidi mzima wa mtoto huweza kutiliwa shaka na shauri likaporomoka. Kisha mtoto anaanza kusema, naye husema kama alivyolelewa, kwa staha: "Alinifanyia tabia mbaya." Mtu mzima yeyote anaelewa. Lakini sheria inataka kitendo kijulikane. Nani atamsaidia mtoto huyo aseme zaidi, kwa maneno yake mwenyewe, bila kumwekea majibu mdomoni kwa maswali elekezi, na bila kumvunjia utu mbele ya wageni?

Huo ni ujuzi, tena mgumu kuliko kubishania mipaka ya bahari. Haupatikani kwa kusoma kitabu. Hupatikana kwa mazoezi, kwa kukosea mbele ya mwalimu anayesahihisha, kabla ya kukosea mbele ya mtoto. Na jambo la kushangaza ni kwamba mahakama ya mfano, ambayo ndiyo nafasi pekee ya kukosea bila kumdhuru mtu, imeutupa nje ujuzi huo kwa kuanza pale ushahidi unapokuwa umekwisha.

Liko shauri jingine ambalo kila mwanafunzi wa sheria nchini hulisoma. Mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo lakini si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikayarudisha, ikisema Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 zimefuta ubaguzi huo. Ndugu akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akamshinda kwa hukumu ambayo hadi leo inatajwa ndani na nje ya nchi.

Wanafunzi huishangilia hukumu ya Mwanza, na wanayo haki. Lakini wangapi wameulizwa juu ya siku ya kwanza, katika Mahakama ya Mwanzo, ambako sheria ya wakati huo haikumruhusu wakili kuingia? Mama huyo alisema nini? Wosia ulithibitishwaje? Je, hakimu wa wilaya aliyeifungua Katiba kabla ya wakubwa wake alifundishwa wapi ujasiri huo? Hayo ndiyo yangefaa kuigizwa katika ukumbi wa chuo, kwa sababu hayo ndiyo yatakayowakuta vijana huko wanakokwenda. Badala yake, kijana anaweza kusimulia kwa ufasaha habari za konokono aliyedaiwa kukutwa ndani ya chupa ya soda ya tangawizi huko Paisley, Uskochi, shauri lililoamuliwa London mwaka 1932, akajua hata duka lilikuwa la nani. Konokono wa Paisley ana mafundisho yake juu ya uzembe. Lakini hapaswi kujulikana kwa undani kuliko mama wa Muleba.

WAINGEREZA NA LUGHA YAO

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya sheria, na kwamba mahakama ya mfano ni mila ya sheria iliyopokewa kutoka Uingereza, basi na ichezwe kama ilivyopokewa. Watu hao wasome historia ya Waingereza wenyewe.

Mila hiyo ilianzia katika vyama vinne vya mawakili wa London, ambavyo vingali hai mpaka leo. Katika karne ya 15 na ya 16 vijana waliosomea uwakili humo, wengi wao wana wa wenye mashamba, walikuwa wakimaliza chakula cha jioni, meza zikasogezwa, wakabishana mashauri ya kubuni mbele ya wakubwa wao. Walibishana kwa lugha gani? Si kwa Kiingereza. Walibishana kwa Kifaransa cha kisheria, mabaki ya lugha ya watekaji waliovuka bahari kutoka Normandy mwaka 1066. Mkulima wa Kiingereza aliyeingia mahakamani katika nchi ya baba zake alisikia mawakili wakizozana juu ya shamba lake kwa maneno ambayo hakuyaelewa, na kumbukumbu zikaandikwa kwa Kilatini.

Mwaka 1362 Bunge la Mfalme Edward wa Tatu lilipitisha sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa hakikujulikana vya kutosha na watu. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Mawakili waliipokea kwa heshima, wakaendelea na mambo yao. Walidai kwamba Kiingereza ni lugha ya sokoni, haina maneno ya kutosha, haiwezi kubeba fikra nzito za sheria. Vitabu vyao viliendelea kuandikwa kwa Kifaransa kwa mamia ya miaka. Ilibidi ipitishwe sheria nyingine mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, ndipo Kiingereza kikatawala mahakama za Uingereza. Tangu 1362 hadi 1733 ni miaka 371.

Somo lililomo humo ni zito. Kwanza, dai kwamba lugha ya wananchi haiwezi kubeba sheria si la leo, wala halikuzuliwa Afrika. Ndilo dai la kila kundi la wasomi linaloishi kwa kutoeleweka. Pili, sheria inayobadili lugha ya mahakama haitoshi iwapo kijana wa uwakili anaendelea kufunzwa na kutuzwa kwa lugha ile ya zamani. Lugha ya mahakama huamuliwa mahali kijana anapofanyia mazoezi.

Tanzania imekwisha kutunga sheria yake. Februari 1, 2021, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Zephrine Galeba kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani baada ya kuandika hukumu kwa Kiswahili huko Musoma. Mwaka huo huo Bunge likapitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, huku yakiacha mlango wa kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji. Mlango huo una sababu zake. Lakini vyuo vikiendelea kuwalea vijana kwa Kiingereza peke yake, mlango wa uani utageuka kuwa lango kuu, na sheria ya 2021 itapata jirani katika historia: sheria ya 1362.

VISINGIZIO

Husemwa kwamba Kiswahili kinakosa istilahi. Mahakama za Mwanzo zimehukumu wezi, zimevunja ndoa na kugawa mirathi kwa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 60. Wabunge hujadili miswada kwa Kiswahili. Mwaka 1968 A. B. Weston, aliyekuwa Mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria, tena mgeni, alitoa kitabu cha istilahi za sheria kwa Kiswahili. Mdai na mdaiwa, kielelezo, pingamizi la awali, hati ya kiapo, kukazia hukumu: maneno yapo, na mwananchi anayajua. Kinachokosekana ni ulimi wa msomi uliozoea kuyatamka bila kuona haya. Ulimi hauzoezwi kwa kamusi. Huzoezwa kwa kusema.

Husemwa pia kwamba vijana watatengwa na dunia. Yapo mashindano ya kimataifa yenye heshima: ya sheria za mataifa yanayoitwa kwa jina la Philip Jessup, yaliyoanza Marekani mwaka 1960, na yale ya haki za binadamu ya Afrika, yaliyoanza Harare mwaka 1992 na kuwakutanisha vijana wa bara zima. Watanzania waende huko, washinde, na Kiingereza wakijue barabara. Hakuna anayetaka wakili bubu mbele ya wageni. Lakini katika kila darasa wanaosafiri ni wachache, na wanaobaki ndio watakaosimama mbele ya hakimu wa wilaya. Ni elimu gani inayowafundisha watu mia moja kwa ajili ya safari ya watatu? Zaidi ya hayo, Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili mwaka 2022 kuwa lugha yake ya kazi. Litakuwa jambo la aibu siku itakapohitajika hoja ya sheria kwa Kiswahili mbele ya Afrika, Mtanzania akaomba mkalimani.

Kisingizio cha tatu ni kwamba vitendo si kazi ya chuo kikuu, bali ni kazi ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 Taifa lilishtuka kusikia matokeo ya mtihani wa taasisi hiyo: katika wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali iliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza. Lawama zilirushwa kila upande, wengine wakiilaumu taasisi, wengine wakiwalaumu vijana, wengine wakivilaumu vyuo. Lolote liwalo, hapana anayeweza kusema kwamba kijana anayeshika kazi ya mikono kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne ya nadharia ameandaliwa vizuri. Mwashi hafundishwi nadharia ya matofali miaka minne ndipo apewe mwiko.

LA KUFANYA

Mambo yanayotakiwa si ya gharama. Hayahitaji mfadhili wala ndege.

La kwanza, mahakama ya mfano ianzie chini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili aigize Mahakama ya Mwanzo na ya Wilaya, kwa Kiswahili, akiwa na mashahidi wa kuhoji. Wanafunzi wenzake wawe mashahidi: mmoja mkweli aliyesahau, mmoja mwongo anayekumbuka kila kitu, mmoja mwoga. Ajifunze kumwongoza shahidi wake, kumdodosa wa mwenzake, na kujua wakati wa kunyamaza. Rufani zifuate mwaka wa tatu na wa nne, kwa lugha zote mbili.

La pili, mashauri yatoke nchini. Majalada ya kesi zilizokwisha yamejaa mafundisho. Yafichwe majina, yapelekwe vyuoni. Mirathi ya Muleba, mipaka ya wakulima na wafugaji, ujira wa vibarua, mkopo wa bodaboda. Mwanafunzi anayejifunza juu ya ardhi ya kijiji atoke akazungumze na Baraza la kijiji, ndipo arudi kutetea.

La tatu, ukumbini wasiketi maprofesa na mawakili wakubwa peke yao. Aitwe hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, ambaye husikiliza mashauri mengi kwa mwezi. Waitwe wazee waliowahi kuketi barazani na hakimu. Waitwe wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hutembea vijijini kwa baiskeli. Na kikombe apewe yule ambaye mwananchi aliyeketi kiti cha nyuma amemwelewa.

La nne, msaada wa kisheria usiwe mapambo ya pembeni. Tangu mwaka 2023 wananchi wamejitokeza kwa wingi katika Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, na foleni zile zilionyesha ukubwa wa kiu iliyopo. Kila mwanafunzi wa sheria atumie sehemu ya masomo yake akiwasikiliza watu wa namna hiyo chini ya mwalimu, na apewe alama kwa kazi hiyo kama anavyopewa kwa mtihani.

La tano linawahusu walimu wa shule. Mdahalo wa shule ndiyo mahakama ya mfano ya kwanza ya kila mtoto. Mahali pengi mdahalo umefanywa kuwa mahali pa kukariri vipande vya Kiingereza na kucheka wanaokosea. Mtoto aliyechekwa hunyamaza, na akinyamaza darasani atanyamaza pia siku atakapodhulumiwa. Mwalimu awafundishe watoto kutoa hoja, kusikiliza ya mwenzao na kuijibu, kwa lugha wanayoifikiria. Huko ndiko wanakozaliwa mawakili, na zaidi ya mawakili, huko ndiko wanakozaliwa raia wanaoweza kujitetea wenyewe.

Katiba inaziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Agizo hilo halitatimia kwa vijana waliofundishwa kupenda masharti ya kiufundi kwa lugha ya ugenini. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku mtoto wa shule atakaposimama kizimbani na kusema kwa sauti ndogo kwamba amefanyiwa tabia mbaya, Jessup hatakuwepo, wala konokono wa Paisley. Atakuwepo kijana mmoja mwenye joho, aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi, na swali moja ambalo ama amefundishwa kuliuliza, ama hakufundishwa.